Mtoto wa miezi saba na nusu bado ananyonya mara nne usiku: je, wakati wa kumpunguzia umefika?

MamaBinti_Buhongwa

Habari zenu akina mama na akina baba. Binti yangu ametimiza miezi saba na nusu wiki hii. Alizaliwa na kilo 3.1, na mwezi uliopita mzani wa kliniki ulisoma kilo 7.3, muuguzi akaniambia kwamba mstari wake kwenye kadi unapanda vizuri. Haumwi, anakaa mwenyewe, ameota meno mawili ya chini, na mchana ni mtoto mchangamfu ambaye majirani hugombania kumbeba. Shida yetu ni usiku. Analala saa 2, kisha anaamka saa 5, saa 7, saa 9 na saa 11 alfajiri, na kila anapoamka hakubali kubembelezwa na chochote isipokuwa ziwa.

Nilirudi kazini siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha. Sheria inanipa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini kutoka mjini Mwanza hadi Buhongwa na kurudi kwa daladala saa hizo zingeishia barabarani, kwa hiyo nilikubaliana na mwajiri nitoke mapema badala ya kutoka katikati ya siku. Ninaondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni, na wiki iliyopita nilisinzia kwenye daladala nikapitishwa kituo mara mbili.

Mama mkwe wangu, aliyetoka Magu kuja kutusaidia, anasema nimlikize kabisa kwa kujipaka shubiri, kwa sababu maziwa ya usiku ndiyo yanayomfanya akatae uji. Mwenzangu wa kazini anasema nimpe chupa ya uji kabla ya kulala ili ashibe hadi asubuhi. Muuguzi wa kliniki amesisitiza ninyonyeshe hadi afike miaka miwili. Ninaomba kufahamishwa: mtoto huacha lini kuhitaji kunyonya usiku, na inawezekana kumpunguzia bila kumwachisha ziwa?

BabaWawili_Nyakato

Pole sana, dada. Sisi kwa mtoto wa pili tulifika mahali kama hapo alipokuwa na miezi minane. Tulimwacha alie. Usiku wa kwanza alilia karibu saa nzima, wa pili nusu saa, wa tatu alilala. Haikuwa rahisi, lakini iliisha. Ushauri wangu ni kwamba uwe na moyo mgumu kwa siku tatu.

MuuguziMstaafu_Igoma

Mama Binti, pole kwa uchovu. Nimefanya kazi katika kliniki za mama na mtoto kwa miaka mingi, na swali lako nililisikia karibu kila siku ya kupima uzito. Mama mkwe wako na mwenzako wa kazini wamekosea, kila mmoja kwa njia yake, na muuguzi amesema kweli ila hakujibu ulichouliza.

Nianze na umri, kwa sababu wengi hutafuta mwezi mmoja wa kushika, na mwezi huo haupo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku na mchana bila kubagua, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Katika miezi hiyo kunyonya usiku kunamsaidia mama pia, kwa sababu homoni ya prolaktini, inayoyaamuru matiti kutengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, na mama anayeruka usiku mapema mno huona maziwa yakipungua hata mchana. Ndiyo maana mtoto aliye chini ya miezi 6 sikushauri umpunguzie kwa makusudi. Kuanzia miezi 6, mtoto mwenye afya, anayeongezeka uzito vizuri na aliyeanza kula chakula, mwili wake unaweza kukaa saa nyingi zaidi usiku bila kunyonya, na wengi hubaki na mara moja au mbili. Hata hivyo wako wanaonyonya maziwa ya mama ambao huendelea kuamka hadi mwaka mmoja au kuuvuka, nao si wagonjwa wala hawajaharibiwa na mama zao.

Wako yuko katika umri ambao kupunguza kunawezekana, na uzito wake unaruhusu. Mara nne kwa mtoto wa miezi saba na nusu, hata hivyo, kunanifanya niulize jambo moja kabla sijakwambia namna ya kupunguza. Kati ya saa 12 asubuhi na saa 10 jioni, mtoto huyu anakula nini, kiasi gani, na kwa chombo gani? Nijibu kwa ukweli wa nyumbani kwako, na usinijibu kwa mpango ulioandikiwa kliniki.

Kwa Baba Wawili: sitakulaumu, kwa maana familia nyingi zimefanya hivyo na watoto wao wamekua. Ninachosema ni kwamba mtoto anayelia kwa njaa na mtoto anayelia kwa mazoea husikika sawa gizani, na kabla hujajua ni yupi kati ya hao wawili, moyo mgumu unaweza kuwa umemnyima chakula. Isitoshe, kwa wengi tunaoishi chumba na sebule huku ukuta mmoja tukiugawana na jirani, saa nzima ya kilio usiku wa manane itamleta mwenye nyumba mlangoni.

MamaBinti_Buhongwa

Shikamoo, mama. Ahsante kwa kunijibu kwa kirefu. Nimelazimika kukaa na dada wa kazi jana jioni na kumwuliza bila kumtisha, na majibu yake yamenishangaza. Ninamwachia maziwa niliyokamua, kama nusu kikombe, anayompa saa 3 asubuhi. Baada ya hapo mtoto hupata uji mara mbili, saa 5 na saa 8 mchana. Unga ni wa lishe, ila dada anasema mtoto alikuwa anatema kijiko, kwa hiyo aliuongezea maji ukawa mwepesi hadi ukapita kwenye chupa, akakata na tundu la nyonyo ili utoke vizuri. Chakula kingine hapewi mpaka mimi nirudi.

MuuguziMstaafu_Igoma

Marahaba, mwanangu. Usimgombeze huyo binti, kwa sababu alitafuta njia ya kumlisha mtoto aliyekataa kijiko, na akaipata.

Jibu la swali lako limo humo. Mtoto wako anashinda na maji yaliyotiwa rangi ya uji. Uji unaopita kwenye chupa unajaza tumbo na kumfanya aonekane ameshiba, lakini nguvu iliyomo ni ndogo, kwa hiyo jioni unaporudi anaanza kudai deni la mchana na kulilipisha usiku kucha. Watoto ambao mama zao hushinda kazini hufanya hivi mara nyingi hata pale chakula kilipo kizuri: wanaugeuza usiku kuwa zamu yao ya kunyonya kwa kuwa ndipo mama anapopatikana. Wako ana sababu zote mbili. Kwa maneno mengine, mama mkwe ameshika kamba kwa ncha ya pili, kwa kuwa ni uji hafifu wa mchana unaoleta maziwa ya usiku.

Kwa hiyo usiguse usiku kwanza. Wiki nzima ya mwanzo rekebisha mchana. Chupa iondoke, na kijiko kirudi pamoja na kikombe. Uji uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki kama maji. Kwa umri wake, milo miwili hadi mitatu kwa siku pamoja na maziwa yako inatosha, kila mlo ukipanda polepole kutoka vijiko vichache hadi kufikia nusu ya kikombe cha mililita 250, na atakapofika miezi 9 iwe mitatu hadi minne. Katika uji huo tia kitu chenye nguvu: kijiko cha karanga zilizosagwa laini kabisa, au mafuta kidogo, au unga wa dagaa. Sisi wa kanda hii hatuna udhuru kuhusu dagaa. Wanunue waliokaushwa safi bila mchanga, waoshe, wakaange kavu, wasage, wachekeche. Mlo mwingine usiwe uji kabisa. Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa ambacho watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru hapo Misungwi wamesaidia kukisambaza, kikipondwa pamoja na kiini cha yai au minofu ya sato iliyochambuliwa miiba kwa vidole viwili na macho mawili, humpa nguvu na vitamini A kwa pamoja. Kila chakula kipya kianze peke yake kwa siku mbili tatu, ili kikimletea vipele au kuhara umjue mkosaji. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya maziwa yako kabla ya umri huo, hata kama nyumbani Magu wanakamua kila asubuhi.

Maziwa ya kukamua yaongezeke. Nusu kikombe kwa saa kumi ni kidogo. Kamua saa 11 alfajiri titi moja wakati yeye ananyonya lingine, kwa kuwa saa hiyo maziwa hushuka vizuri. Yakikaa katika chombo safi chenye mfuniko mahali penye ubaridi, yatumike ndani ya saa nne. Ukiwa na friji yanakaa hadi siku nne. Kazini napo ukipata faragha kamua tena mara moja, hata kama ni kwa ajili ya kesho. Na unaporudi saa 10 jioni mnyonyeshe kabla hujavua viatu, kisha tena saa 12, kisha tena kabla ya kulala. Watu wa zamani walisema mama aliyetoka juani asinyonyeshe kwa sababu maziwa yameungua. Hayaungui.

Wiki ya pili ndipo uje usiku. Chagua wiki ambayo mtoto haumwi, haharishi, na hajachomwa chanjo karibuni. Akishafika miezi 9 atachanjwa surua na rubela, na homa ya chanjo hiyo hupenda kuja siku kadhaa baadaye, kwa hiyo usianze katikati yake. Kunyonya kwa saa 5 na saa 11 usikuguse. Kwa saa 7 na saa 9, tazama saa. Akinyonya chini ya dakika tano kisha akalala, huyo hakuja kula, amekuja kubembelezwa, na kunyonya huko unaweza kukuondoa moja kwa moja ukambembeleza kwa njia nyingine. Akinyonya zaidi ya dakika tano, punguza dakika mbili kila baada ya usiku mmoja, hadi kubaki kidogo sana, ndipo uache. Kwa anayetumia maziwa ya kopo, kipimo kinachopunguzwa ni mililita 20 hadi 30 kwa mwendo huohuo.

Shubiri sikubaliani nayo hata kidogo. Ni njia ya kumlikiza mtoto ghafla, nawe hutaki kumlikiza. Mtoto wa miezi saba anayekutana na uchungu mahali alipozoea faraja anaweza kugoma hata mchana, na hapo utakuwa umepoteza maziwa ambayo bado ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake. Hiyo miaka miwili aliyoitaja muuguzi ni ya kunyonyesha kwa ujumla. Haina maana kwamba kila usiku wa miaka hiyo lazima ukeshe.

Jambo la mwisho si la mtoto, ni lako. Wapo wanaotegemea kunyonyesha kama uzazi wa mpango. Njia hiyo hufanya kazi masharti matatu yanapokuwepo kwa pamoja: mtoto yuko chini ya miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana bila mapengo marefu. Wewe umeshavuka, na ukipunguza usiku mayai yanaweza kuanza kupevuka kabla hujaona hedhi hata mara moja. Pita dirisha la uzazi wa mpango siku hiyohiyo ya mzani. Wazee walipoonya kuhusu kubemenda mtoto walikuwa wameona jambo la kweli kwa macho yao, yaani mtoto aliyedhoofika baada ya mama kushika mimba mapema, ila kilichomdhoofisha kilikuwa kuachishwa ziwa ghafla bila chakula cha kufidia.

MamaWaTatu_Ukerewe

Mwangaluka. Ninaongezea kwa upande wetu sisi tunaoishi kisiwani, kwa sababu ushauri wa mama muuguzi ni mzuri lakini sehemu ya kubembeleza kwa njia nyingine inahitaji mtu wa pili, na si kila nyumba inaye usiku.

Mume wangu anavua dagaa. Usiku wa giza wanatoka na taa zao na kurudi alfajiri, nami asubuhi ninakuwa kwenye vichanja nikianika hadi jua linapokuwa kali. Mtoto wangu wa pili alipokuwa na miezi tisa nilijaribu kumpunguzia peke yangu nikashindwa, kwa maana akinisikia tu harufu alikuwa anachimba kwenye nguo kama kuku, na mimi kwa usingizi nilijikuta nimeshampa kabla sijakumbuka kwamba tulikuwa tumekubaliana kuacha. Safari ya pili nilisubiri mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na baba analala nyumbani. Nilimhamishia mtoto upande wake wa kitanda, ndani ya chandarua hichohicho, mimi nikalala ukutani nikiwa nimevaa fulana iliyobana. Alipoamka baba alimpigapiga mgongo, akamnywesha maji kidogo kwa kikombe, akamwimbia wimbo mmoja tu anaoujua, ambao ni wa makasia. Usiku wa kwanza na wa pili alilia, lakini akiwa amebebwa, na hicho ni kitu tofauti na kulia peke yake. Kufikia giza lililofuata alikuwa amebakiwa na mara moja, saa 10 alfajiri, nayo nikamwachia mpaka alipofika mwaka na miezi miwili.

Mama mkwe wako yupo hapo nyumbani. Badala ya kubishana naye kuhusu shubiri, mpe kazi hiyo ya mgongo kwa usiku kadhaa.

BabaWawili_Nyakato

Nimesoma yote na ninakubali kwamba nilijibu haraka. Mke wangu ananikumbusha kwamba wetu wakati ule alikuwa tayari anakula ugali laini na samaki mara tatu kwa siku, kwa hiyo hali yetu ilikuwa tofauti. Ninaongeza jambo moja kwa akina baba: ondoeni chupa ya maziwa au ya uji kitandani. Wetu wa kwanza alizoea kulala nayo mdomoni, na kabla hajafika miaka mitatu meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yameoza.

MuuguziMstaafu_Igoma

Mama wa Tatu, hilo la mbalamwezi sikuwahi kulifikiria katika miaka yangu yote ya kazi, na nimelipenda. Nitoe tahadhari moja kwa wote wanaosoma: mtoto aliyekuwa analala kisha akaanza kuamka mara nyingi ghafla aguswe kwanza mwili. Akiwa na joto, apelekwe zahanati akapimwe malaria siku hiyohiyo, kwa maana hapa ziwani homa ya mtoto haisubiriwi hadi kesho kutwa. Na mtoto anayekataa kunyonya kabisa, au aliyelegea na haamshiki vizuri, au anayepumua haraka, au aliyepata degedege, apelekwe hospitali usiku huohuo.

MamaBinti_Buhongwa

Ninarudi baada ya wiki tatu na siku mbili kuwapa taarifa.

Wiki ya kwanza sikugusa usiku, kama nilivyoelekezwa. Chupa niliigawa. Kijiko alikitema siku mbili, siku ya tatu dada alikaa naye chini kwenye mkeka akala yeye mwenyewe uji kwa kijiko huku mtoto anamtazama, na mtoto akaanza kukidai. Sasa anakula uji mzito wenye unga wa dagaa asubuhi, na kiazi lishe na yai mchana. Jioni ninamlisha mimi. Kilichonishangaza ni kwamba kufikia siku ya sita aliacha mwenyewe kuamka saa 9, kabla sijaanza kupunguza chochote.

Kunyonya kwa saa 7 nilikupima, kukawa dakika kumi na mbili, nikashuka kumi, kisha nane, kisha sita. Kwenye sita tulikwama kwa usiku minne kwa sababu alikuwa anaota jino la juu, nikarudi nane, kisha nikaendelea. Mama mkwe alikubali zamu ya mgongo baada ya mume wangu kumwomba, na nimegundua kwamba ana mkono mzuri kuliko sisi sote wawili, ingawa kila asubuhi ananikumbusha kwamba shubiri ingemaliza kazi kwa siku moja. Jana na juzi mtoto amenyonya saa 5 na saa 11 tu. Mzani wa juzi umesoma kilo 7.9.

Nina swali moja. Usiku kati ya saa 7 na saa 9 matiti yananijaa hadi yanauma na kulowesha shuka, na la kushoto lina sehemu ngumu. Je, nikamue au niache?

MuuguziMstaafu_Igoma

Hongera, na nifikishie salamu kwa bibi. Kamua kidogo tu kwa mkono, kiasi cha kupata nafuu, usilimalize titi, kwa sababu ukilimaliza mwili utadhani bado kuna mteja saa hiyo na utaendelea kutengeneza. Sehemu ngumu ikande taratibu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, na mtoto anyonye upande huo kwanza anapoamka saa 11. Kwa kawaida siku chache hutosha matiti kuzoea. Lakini ukiona ngozi imekuwa nyekundu, panauma zaidi, na wewe mwenyewe una homa na kutetemeka, usisubiri: nenda kituo cha afya ukatibiwe, na uendelee kunyonyesha titi hilohilo wakati wa matibabu.